Ujumbe wa Video Uliorekodiwa katika Timu Zinazofanya Kazi kwa Mbali

Maana na mipaka

Ujumbe wa video uliorekodiwa ni taarifa fupi ya kikazi ambayo mtu mmoja huieleza mbele ya kamera, au juu ya picha ya skrini yake, kisha huituma kwa wenzake ili kila mmoja aitazame kwa wakati unaomfaa. Maana hii ina masharti manne, na kila sharti huweka kando kitu kinachofanana nao. Msemaji ni mmoja. Kwa hiyo rekodi ya mkutano wa Zoom au Google Meet haihesabiki, kwani yale yalikuwa mazungumzo yenye wasikilizaji wake, na anayeyatazama baadaye hakuwa akizungumzwa naye. Mpokeaji anajulikana, kwa jina au kwa kikundi. Sharti hilo huondoa kozi za mafunzo na matangazo. Jibu linatarajiwa, hata likiwa alama ya dole gumba tu. Hilo huondoa hotuba ya mkurugenzi ya kufunga mwaka. Na anayeonekana au kusikika ndiye hasa aliyesema. Video zinazotungwa na kompyuta kutokana na maandishi, kama zile za Synthesia, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 2017, ni maandishi yaliyopewa sura, na makala haya hayazishughulikii.

Ujumbe wa sauti ndio jirani wa karibu kuliko wote. Vyote viwili hurekodiwa, hutumwa, husubiri na huweza kurudiwa. Kinachovitenga ni kimoja tu: penye sauti pekee hakuna cha kutazama. Tofauti hiyo huonekana ndogo, lakini ndiyo inayoamua karibu kila jambo kuhusu lini video inafaa na lini ni mzigo.

Nafasi yake miongoni mwa njia nyingine

Njia za mawasiliano kazini hugawanywa kwanza kwa wakati. Za papo kwa papo huwataka wahusika wote wawepo saa ileile: simu, mkutano wa video, maongezi ya ana kwa ana. Za nyakati tofauti haziwataki: baruapepe, waraka, ujumbe wa kikundi. Video iliyorekodiwa imo katika fungu la pili, ingawa kwa sura na sauti inafanana na fungu la kwanza, na sehemu kubwa ya matumizi yake mabaya hutokana na mfanano huo.

Richard Daft na Robert Lengel, katika nadharia waliyoifafanua mwaka 1986, walizipanga njia za mawasiliano kwa utajiri: maongezi ya ana kwa ana juu, waraka usiomlenga mtu chini. Vigezo vyao vilikuwa wepesi wa kupata jibu, wingi wa ishara kama uso na mlio wa sauti, upana wa lugha, na uwezo wa kumlenga mtu binafsi. Video iliyorekodiwa huivuruga ngazi hiyo. Ina ishara nyingi, lakini jibu la papo hapo haina kabisa. Alan Dennis, Robert Fuller na Joseph Valacich walitoa mwaka 2008 mgawanyo unaoifaa zaidi. Walitenga kazi mbili za mawasiliano: kufikisha taarifa, na kufikia maelewano juu ya taarifa hizo. Kisha wakataja sifa tano za njia yoyote, mbili kati yake zikiwa uwezo wa kuutayarisha ujumbe kabla haujatoka na uwezo wa kuurudia baada ya kufika. Katika sifa hizo mbili video iliyorekodiwa ina nguvu, na kwa hiyo hufikisha vizuri. Kuelewana ni kazi ya kurushiana maneno, na hapo inashindwa hata na simu ya kawaida.

Mahitaji yake hutokana na jiografia. Nairobi na Dar es Salaam hazisogezi saa kwa majira, California huzisogeza. Tofauti baina ya Nairobi na San Francisco kwa hiyo ni saa 10 kwa sehemu kubwa ya mwaka na saa 11 katika miezi ya baridi ya kule. Ofisi ya San Francisco inapofunguliwa saa 3 asubuhi, msanidi programu aliye Nairobi tayari yuko saa 1 au saa 2 usiku. Andela, kampuni iliyoanza Lagos mwaka 2014 na kuingia Nairobi mwaka 2015, ilijenga biashara yake juu ya kuwaunganisha wasanidi wa Afrika na waajiri wa ng'ambo. Katika ajira za namna hiyo hakuna saa ya kazi inayowafaa wote, na kila mkutano hula usiku wa mtu mmoja.

Chimbuko

Kurekodi skrini kulianza kama kazi ya kutengeneza mafunzo. Camtasia ya kampuni ya TechSmith ndiyo iliyojulikana zaidi. Skype iliongeza ujumbe wa video mwaka 2013. Loom, iliyoanzishwa San Francisco mwaka 2015 na kuenea kwanza kama kiongezi cha kivinjari cha Chrome, iliyaunganisha mambo mawili yaliyokuwa mbalimbali, kurekodi na kutuma, yakawa tendo moja. Telegram ilileta video za duara mwaka 2017. Mwaka 2020 janga la UVIKO-19 likawafungia watumishi wa ofisi majumbani, na kilichokuwa chombo cha mafundi wa programu kikawa cha kila idara. Slack iliweka kitufe cha kurekodi ndani ya mazungumzo mwaka 2021, WhatsApp ikafuata mwaka 2023 kwa video za hadi sekunde 60, na Oktoba mwaka huohuo kampuni ya Atlassian ya Australia ikatangaza kuinunua Loom kwa takriban dola za Marekani milioni 975.

Aina kwa kinachoonekana

Mgawanyo wenye manufaa kuliko yote ni wa kile kilichomo ndani ya picha. Aina ni nne.

Ya kwanza ni video ya uso pekee. Msemaji huonekana kuanzia mabegani na hakuna kingine. Hii ndiyo aina rahisi kurekodi na ndiyo inayotumika kupita kiasi. Ina mahali pake halali: kumkaribisha mfanyakazi mpya ambaye hajawahi kuonana na wenzake, kushukuru, kueleza habari ngumu ambayo ingesomeka kikatili kwenye maandishi. Nje ya hapo, uso wa mtu anayesoma orodha ya kazi za wiki hauongezi chochote kwenye orodha hiyo.

Ya pili ni video ya skrini pekee, ambapo mtazamaji huona dirisha la programu na kishale kikitembea huku sauti ikieleza. Ina mafungu yake. Kuna video ya hitilafu, inayoonyesha hatua zilizofikisha mfumo kwenye kosa. Kuna ya mapitio, ambapo msimbo, mchoro au jedwali la hesabu hukaguliwa mstari kwa mstari. Na kuna ya utaratibu, inayoonyesha jinsi kazi fulani inavyofanywa. Video ya hitilafu inastahili kutajwa peke yake, kwa sababu hapo ndipo maandishi hushindwa waziwazi. Mtu anayeandika "nikibonyeza hifadhi, fomu inajifuta" huacha mengi asiyojua kuwa ni muhimu: kwamba alikuwa amefungua madirisha mawili, kwamba tarehe aliijaza kwa mpangilio mwingine, kwamba alibonyeza mara mbili. Kamera ya skrini huyachukua yote hayo bila kuyachagua, na msanidi aliye mbali huyaona bila kuuliza maswali saba kwa siku mbili.

Ya tatu ni skrini pamoja na uso, uso ukiwa ndani ya duara dogo pembeni. Umbo hili limekuwa alama ya Loom, ingawa programu nyingi sasa zinalo. Duara lina kazi mbili: humhakikishia mtazamaji kwamba anazungumza na mtu, na hubeba ishara za uso, kama vile kusita au mzaha, ambazo sauti pekee ingezipoteza. Lina hasara moja ya kimwili, kwamba mara kwa mara hufunika kitufe chenyewe kinachozungumziwa.

Ya nne hurekodiwa kwa kamera ya nyuma ya simu, ikielekezwa kwenye kitu halisi: jenereta inayotoa mlio usio wa kawaida, nyufa za ukuta, shehena iliyofika ikiwa imelowa. Vitabu vya kazi za mbali huisahau, kwa kuwa vimeandikwa na watu wa kompyuta kwa ajili ya watu wa kompyuta. Afrika Mashariki huenda ndiyo aina iliyoenea zaidi, maana fundi aliye Mbeya humrekodia mhandisi aliye Dar es Salaam kwa WhatsApp bila kuhesabu kwamba yeye naye ni mwanachama wa timu ya mbali. Mlio wa mashine una kila kitu ambacho maelezo ya mlio huo hayana.

Aina kwa njia ya kufika

Ujumbe hufika kwa njia tatu. Unaweza kukaa ndani ya mazungumzo, kama kwenye Slack, WhatsApp au Telegram. Hapo ni rahisi kuuona na vigumu kuupata tena baada ya mwezi. Unaweza kukaa kwenye seva na kutumwa kama linki; hapo mtumaji anaweza kuona nani amefungua, na anaweza kuufuta hata baada ya kuutuma. Au unaweza kutumwa kama faili, jambo ambalo ukubwa hulizuia haraka: Gmail ya kawaida haitumi kiambatisho kinachozidi MB 25.

Sehemu za ujumbe

Ujumbe kamili una sehemu za ndani na za nje. Za nje ni kichwa, kijipicha kinachoonekana kabla ya kubonyeza, urefu, manukuu na sentensi moja ya maandishi inayosema mpokeaji anatakiwa kufanya nini. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa mara nyingi na ndiyo yenye thamani kubwa, kwa kuwa humwezesha mwenye haraka kuamua kabla ya kutazama.

Za ndani ni ufunguzi, onyesho na ombi. Ufunguzi una ugumu wa pekee kwa wasemaji wa Kiswahili. Salamu katika Kiswahili ni ya watu wawili, mmoja akitoa na mwingine akipokea. Ikirekodiwa hubaki upande mmoja, na shikamoo iliyotumwa asubuhi huweza kuipata marahaba yake kesho yake. Kuiacha kabisa ni utovu wa adabu, na kuinyoosha hadi hali za nyumbani ni kuwatumia watu kumi na wawili maswali wasiyoweza kuyajibu. Desturi inayoonekana kutulia ni salamu moja fupi kisha neno la kazi. Onyesho hufuata: kitu huonekana kwanza, maelezo hukifuata. Ombi hufunga, likimtaja mhusika na muda.

Jinsi inavyofanya kazi

Picha ghafi ya skrini ni kubwa mno. Fremu moja yenye nukta 1,920 kwa 1,080, kila nukta ikichukua baiti 3, huzidi MB 6; fremu 30 kwa sekunde hufika takriban MB 187 kila sekunde. Kodeki hubana wingi huo kwa kutumia ukweli kwamba fremu moja inafanana sana na iliyotangulia. H.264, kiwango kilichochapishwa mwaka 2003 na kinachotumika hadi leo karibu kila mahali, huhifadhi fremu kamili mara chache na kwa nyingine huhifadhi mabadiliko tu. Skrini inayoonyesha waraka uliotulia haina mabadiliko mengi, na ndiyo maana inaweza kusomeka vizuri kwa megabiti 1 kwa sekunde, yaani kwa ubanaji wa karibu mara 1,500. Uso unaotikisika chini ya mwanga hafifu hudai zaidi.

Programu zinazotuma kwa linki hupakia vipande vya rekodi huku msemaji akiendelea kusema, hivyo linki huwa tayari anapobonyeza kitufe cha kusimamisha. Upande wa mpokeaji, video hukatwa vipande vya sekunde chache katika viwango kadhaa vya ubora, kwa utaratibu kama ule wa HLS ambao Apple iliutoa mwaka 2009, na kichezeshi huchagua kiwango kulingana na mtandao wa wakati huo. Mpangilio huu una faida inayoonekana pale mtandao unapoyumba. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikadhoofika katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, Tanzania ikiwa miongoni mwa zilizoathirika zaidi. Katika hali kama hiyo mkutano wa video hukatika na kilichosemwa hupotea. Rekodi husubiri kwenye kompyuta hadi njia ifunguke.

Gharama na anayeilipa

Gharama za ujumbe ni za muda na za bando, na zote mbili humwangukia zaidi mpokeaji. Marc Brysbaert, katika mapitio ya tafiti aliyoyachapisha mwaka 2019, alikadiria kwamba mtu mzima husoma kimyakimya maneno 238 ya Kiingereza kwa dakika. Usemi wa kawaida wa lugha hiyo ni maneno 150 hivi. Video ya dakika 5 kwa hiyo hubeba maneno 750, ambayo yangesomwa kwa dakika 3 na kidogo, na yaliyoandikwa yanaweza kurukwa au kutafutwa kwa neno. Kusema dakika 5 ni rahisi kuliko kuandika maneno 750. Ndiyo sababu watumaji huipenda. Ikitumwa kwa watu 12, hutumia saa nzima ya muda wa wengine. Vitufe vya kuongeza kasi, ambavyo WhatsApp iliviweka kwenye ujumbe wa sauti mwaka 2021, hupunguza tofauti hiyo bila kuiondoa.

Kwa upande wa bando, megabiti 1 kwa sekunde ni MB 7.5 kwa dakika, au MB 37.5 kwa dakika 5. Sauti peke yake, kwa kodeki ya Opus ya kilobiti 24, ingechukua KB 900 kwa muda uleule, na maandishi ya maneno hayo 750 ni KB 5 hivi. Mwajiri anayelipia intaneti ya ofisini haioni tofauti hii. Mfanyakazi anayenunua bando kwa siku huiona kila anapofungua linki.

Kutokana na hesabu hizo hupatikana kipimo cha kuamua: picha hulipa gharama yake pale tu mtazamaji anapokiona kitu ambacho angeombwa akifikirie. Kasoro ya skrini, mpangilio wa mchoro na mwendo wa mkono hupita kipimo hiki. Taarifa ya maendeleo, tarehe, idadi na maamuzi hazipiti.

Matumizi

Matumizi yaliyothibitika ni kuripoti hitilafu, kutoa maoni juu ya usanifu, kukabidhi kazi mwisho wa zamu kwa mfanyakazi mwenza aliye saa nyingine za dunia, kumwelekeza mwajiriwa mpya, na kuonyesha kazi iliyokamilika kwa mteja. Katika kutoa maoni kuna faida ya ziada ya mlio wa sauti: ukosoaji ulioandikwa husomwa mkali kuliko ulivyokusudiwa, na sauti tulivu huyapunguza makali hayo.

Faida nyingine hutajwa kwa kulinganisha na mikutano. Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford alitaja mwaka 2021 sababu nne zinazoweza kueleza uchovu wa mikutano ya video: macho ya karibu yasiyokatika, juhudi ya kutuma na kusoma ishara, kujiona mwenyewe muda wote, na kufungwa sehemu moja. Rekodi humwondolea mtazamaji karibu zote. Anaweza kutazama akiwa amesimama, akajikuna, akasimamisha. Mrekodi hubaki na ile ya kujiona, na watu wengine hurekodi jambo moja mara tano kwa sababu yake.

Matumizi yasiyofaa ni majadiliano, uamuzi unaohitaji wengi, na dharura. Mfumo ukianguka usiku hupigwa simu.

Manukuu na lugha

Manukuu ni maandishi yanayofuata sauti. Kanuni za WCAG 2.0, zilizotolewa na shirika la W3C mwaka 2008, huyaweka manukuu ya video zilizorekodiwa katika daraja la msingi kabisa, kwa ajili ya viziwi. Lakini huwafaa pia walio kwenye daladala na wasio na spika za masikioni. Mashine sasa huyaandika zenyewe. Modeli ya Whisper, iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, ilifunzwa kwa saa 680,000 za sauti, ambapo lugha 96 zisizo Kiingereza ziligawana saa 117,000. Kiswahili ni mojawapo ya hizo 96, na mgawo huo hueleza kwa nini manukuu yake hukosea zaidi. Hukosea hasa pale msemaji anapochanganya lugha ndani ya sentensi moja, na hivyo ndivyo ofisi za Nairobi zinavyozungumza.

Usiri

Rekodi ya skrini huchukua pia yasiyokusudiwa: arifa ya benki inayojitokeza kona ya juu, jina la mteja kwenye kichupo cha jirani, nywila iliyobaki wazi. Kurekodi dirisha moja badala ya skrini nzima huziba sehemu kubwa ya pengo hilo. Pengo la pili ni ruhusa ya linki, ambayo ikiachwa wazi humruhusu yeyote aliyeipata.

Sura na sauti ya mtu anayetambulika ni taarifa binafsi kisheria. Umoja wa Ulaya hutekeleza kanuni zake za ulinzi wa data tangu Mei 2018, Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Timu moja inaweza kuwa chini ya sheria zote tatu kwa ujumbe uleule, ikiwa mrekodi yuko Arusha, msimamizi yuko Nairobi na mteja yuko Berlin.

Uhifadhi

Rekodi za kazi zina umri wa namna tatu. Za siku, kama taarifa ya hitilafu, hupoteza maana kosa likishatengenezwa, na programu kadhaa huweza kuwekewa muda wa kuzifuta zenyewe. Za utaratibu hudumu hadi mfumo ubadilike. Na kwa kuwa video hairekebishwi sentensi kwa sentensi kama waraka, kitufe kimoja kikihamishwa rekodi nzima hurudiwa. Kwa sababu hii GitLab, kampuni isiyo na ofisi ambayo wafanyakazi wake wote wako mbali, huweka taratibu zake kwanza kwenye kitabu cha maandishi kilicho wazi mtandaoni, na video hubaki nyongeza. Fungu la tatu ni rekodi zinazomhusu mtu, zikiwemo tathmini ya kazi na malalamiko. Hizi huondolewa kwenye maktaba ya pamoja na kuwekwa penye majalada ya watumishi, chini ya ruhusa na muda wa kuhifadhi uleule unaohusu karatasi zao.